Anadaiwa

Nilipojiandikisha kusoma habari na sheria,
shahada moja, miaka mitano, madaftari ya rangi mbili,
shangazi Nyamizi alicheka mpaka akatua ungo wa michembe.
"Njia mbili zilimshinda fisi," akasema,
"na mwenzio alikuwa na miguu minne."

Asubuhi ni Mwalimu Ngelela, chumba namba tatu,
jicho kwenye saa:
"Habari ni andazi. Likilala nani atalinunua?
Nani, nini, lini, wapi. Andika, peleka!"

Mchana ni Wakili Mlekwa, miwani kwenye uzi,
mama asiyegusa chai mpaka ipoe:
"Polepole. Nani kasema?
Aliona, au alisimuliwa na aliyeona?"

Nami katikati, kama stesheni yetu ya Tabora:
reli inafika moja kutoka mashariki,
hapa inapasuka, mguu Mwanza, mguu Kigoma.
Usiku kutoka bwenini nasikia mabehewa yakigongana,
na mtu mwenye taa akifoka gizani,
"Siyo hilo! La nyuma yake!"

Mwezi wa sita tulitumwa mahakamani.
Mshitakiwa: Lutonja Kapaya, karani wa mizani, chama cha tumbaku,
shati lake limenyooshwa na mtu anayempenda.
Benchi la nyuma, wakulima kumi na mmoja,
vidole vyeusi kwa utomvu usiotoka kwa sabuni.
Nikaandika mbio, magoti yakiwa meza:
*Karani aliyepunja wakulima kilo mia sita…*

Ngelela akasema, hapo sasa.
Mlekwa akafungua kalamu ya kijani
akachomeka neno moja mbele ya kosa:
*anadaiwa.*
"Anadaiwa kupunja. Bila hilo, wewe ndiye hakimu,
na mshahara wake huna."

Nililichukia neno lile.
Neno la mtu anayetupa jiwe
kisha anauliza nani katupa.

Ijumaa, ubao wa mhasibu, karatasi mpya, gundi bado mbichi:
WANAODAIWA ADA.
Namba kumi na saba, mimi, jina langu, la baba, la babu,
Kalunde Mihambo Ntulya, laki tatu na themanini.
Wenzangu walisoma, wakanipisha njia kwa adabu,
adabu ile ya msibani.
Hakuna aliyeuliza nani kasema.
Hakuna aliyeuliza risiti.
Na risiti ipo! Imekunjwa mara nne
chini ya godoro la shangazi, Sikonge.

Neno lile lile.
Kule lilimwachia mtu mlango wazi,
hapa limenifungia wa mtihani.

Jumatatu nikarudi mahakamani. Kesi imeahirishwa.
Mkulima mmoja alikuwa akifunga raba zake ngazini,
nikamuuliza, daftari likiwa bado mfukoni,
"Karani unamdai nini?"
Akaniangalia kama mgeni wa lugha.
"Kilo zangu. Mimi nadai, yeye anadaiwa.
Huko chuoni mnasemaje?"

Sikuwa na jibu la rangi yoyote.
Nikaandika upya, kwa mkono, mistari tisa:
alichosema mkulima, alichokana karani,
mizani ambayo hakuna aliyeileta mbele ya hakimu.
Ngelela akasema andazi limelala.
Mlekwa hakusema kitu, akasoma mara mbili,
chai yake ikapoa kupita alivyotaka.

Jioni simu ikalia. Shangazi, sauti ya mbali, kuku nyuma yake:
"Nimeiona karatasi yako. Jina lako lipo, muhuri upo."
Kisha kimya kidogo.
"Tarehe tu, mwanangu.
Tarehe wameila panya."