Kiota cha Chozi

Miaka kumi na tisa Awuor amenisuka,
kibanda kile kile, Soko la Kenyatta,
ukuta mmoja na wachoma nyama,
hata nikirudi nyumbani kichwa kinanukia
mafuta ya nazi na mbavu za mbuzi.
Anakijua kichwa hiki kuliko alivyokijua marehemu.
Anajua kovu la ngazi. Anajua pa kutovuta.

Jumamosi hii vidole vyake vilisimama
juu ya paji, upande wa kushoto,
kama mtu aliyefika kwa jirani wa zamani
akakuta kiwanja.
Hakusema kitu.
Alimwomba msichana wa pembeni apunguze redio,
kisha, kwa sauti ya kuulizia bei ya nyanya:
"Mama Mutheu, leo tusuke kubwa kubwa?"

Kubwa kubwa.
Ndivyo huruma inavyotamkwa sokoni.

Nilikuwa najua.
Nilijua bafuni kwangu Umoja, siku za maji,
nikijimwagia kwa kopo,
nyuzi zikizunguka tundu la sakafu,
duru moja, duru mbili, kwa adabu,
kama wageni wanaoaga bila kumwamsha mwenyeji.
Nilijua kwenye foronya.
Nilijua kwenye lifti ya ofisi ya pensheni,
chini ya ile taa isiyo na haya.

Nimepaka maji ya vitunguu;
Mutheu alifungua madirisha yote, na mlango.
Nimepaka mafuta ya mbarika
hadi mto ukachora ramani ya nchi nisiyoijua.
Daktari wa ngozi, Barabara ya Ngong,
alichukua elfu nne akaniambia ni umri.
Nikamwambia, daktari, umri naujua,
nimepanda nao ngazi sasa hivi.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Wahenga walisema hivyo wakaondoka,
hawakusema chochote kuhusu sisi tunaopukutika.
Basi mimi nimebakiwa na akili kiasi gani?
Chache. Lakini hizi chache
nazifahamu moja moja.

"Zikate," nikasema.
"Zote?"
"Niachie za kufunika mawazo."
Mkasi wake ulikuwa mzito, wa fundi wa nguo.
Kwenye kioo akatokea taratibu
mwanamke mwenye masikio ya baba yangu.
Nilikuwa nimeyasahau. Masikio mazuri.

Awuor akanitoza nusu. Nikalipa yote,
hiyo nusu ya pili ni ya kunyamaza kwake.
Nje, baridi ya Julai ikanishika utosini
bila kupiga hodi.

Sasa sikia: Mama, kule Kangundo, alitukataza
kutupa nywele ovyo.
Ndege akizijengea kiota, alisema,
kichwa kitakugonga mpaka makinda yaruke.
Kwa hiyo miaka sitini na tatu nimechoma,
nimefukia, nimefunga kwenye gazeti,
kama mwizi anayeficha ushahidi.

Lakini kwenye roshani yangu, ghorofa ya tatu,
chozi anajenga kwenye waya wa kuanikia.
Siyo la jichoni. La jichoni nililimaliza kwenye lifti.
Huyu ni ndege, mdogo kama kidole gumba,
na wiki nzima nimeanika shuka upande mmoja
nisimsumbue.

Nikafungua mfuko wa Awuor,
nikaziweka ukingoni, juu ya sahani ya chai,
nyeusi, za kijivu, na zile zilizopakwa rangi
ya harusi ya Mutheu.
Nikarudi ndani, nikasimama nyuma ya pazia.

Alikuja. Akainamisha kichwa, akachagua
kama mama sokoni, akiacha, akirudi,
kisha akaruka na mmoja mrefu, mweupe kabisa.

Panadoli nimeiweka karibu, kwa heshima ya Mama.
Ni siku ya nne.
Kichwa kimetulia.