Uchakavu

Kodi anayopokea, kodi anayolipa:
kwetu neno ni moja. Arvid Haugen, wa Duluth,
anazitenganisha kwa bahasha mbili.

Mhasibu Solveig anapekua risiti za bomba, rangi, paa.
"Kila mwaka nyumba yako huchakaa,
na uchakavu hupunguza kodi."
"Mbona bei imepanda maradufu?"
"Karatasi haijui."

Magoti ya Arvid, yaliyopanda ngazi zile tangu ujana,
yamechakaa pia.
Hayana fomu.

"Nikiuza?"
"Watadai ya nyuma."
"Nisipouza?"
Solveig anafunika kalamu, anatazama dirishani.
"Ukifa nayo, deni linakufa nawe.
Binti yako ataanza upya."

Arvid anacheka, anakohoa,
kisha anauliza kama koleo jipya la theluji
nalo hupunguza.