Swali la Tano, Kipengele B

Karatasi ya mia mbili na kumi na sita tangu juzi.
Feni ya ukumbi inazunguka bila kufika popote.
Nje, upepo wa Juni unapiga mabati ya Dodoma,
unaingiza vumbi mpaka ndani ya soksi.

Hana jina huyu. Ana namba ya kituo na namba yake,
0043, na mwandiko ulioinama
kama mtu anayetembea akipingana na upepo.

Titresheni. Methili oranji.
Taja rangi inavyogeuka mwishoni.
Mwongozo unasema: njano hadi chungwa, alama mbili.
Yeye kaandika: kijani hadi nyekundu.
Na pembeni, kwa penseli, neno alilofuta vibaya:
choya.

Nikajua papo hapo.
Kuna mwalimu mahali, labda Chipanga, labda huko Mpwapwa ndani,
chupa ya methili oranji ilimwishia mwaka juzi,
akaandika barua, akajibiwa asubiri,
akachemsha choya kwenye sufuria ya mkewe
akawaambia watoto: tazameni, jambo ni lilelile.
Na ni lilelile kweli.
Ila swali halikuuliza jambo. Liliuliza methili oranji.

Nikaandika sifuri.
Bi Ndahani, kiongozi wa meza yetu,
hupitia upya karatasi moja katika kila kumi;
halafu nikimpa huyu, nimnyime kwa lipi
yule wa jana aliyebahatisha bluu?

Usidhani naudharau mtihani.
Mimi ni wa Ibihwa, mtoto wa Chidawali
aliyesaini kwa dole gumba mpaka tulipomzika.
Mwaka wangu, nafasi za chuo zingegawiwa kwa mdomo,
kwa nani anamjua nani,
kwa mbuzi anayepitishwa mlango wa nyuma,
leo ningekuwa nawachunga hao mbuzi.
Mtihani haukuniuliza mimi ni mtoto wa nani.
Kwa hilo niliupenda, na bado naupenda,
kama unavyompenda hakimu asiyekula kwa mtu.

Lakini ni neno hilohilo linalonikaba sasa.
Haukuuliza mtoto wa nani,
kwa hiyo haukuuliza alichota maji saa ngapi,
alivuka korongo gani, aliazima taa ya nani,
na maabara yao ina nini
zaidi ya buibui na bango la matumbo ya chura.
Mizani haisemi uongo.
Inapima gunia.
Limebebwa kutoka wapi, hayo si ya mizani.

Alama mbili, unacheka?
Nimeziona zikimshusha mtu kutoka C kwenda D,
na hiyo D ikafunga geti la chuo kule Chimwaga
mbele ya binti wa Ng'ong'ona
aliyekuwa akiziona taa zake kila usiku
akienda kufunga zizi.

Jioni nimekaa kwa Mama Matika, Nkuhungu.
Ugali wa uwele, mlenda, glasi ya choya.
Naomba magadi kidogo.
Mlenda umeshatiwa, anasema.
Si ya mlenda.

Nadondosha chembe kwenye glasi, nakoroga.
Choya inakunja uso, inafifia,
inakuwa kijani, kijani cha dimbwi la ng'ombe.
Nakamua ndimu. Povu linapanda.
Tone, tone, halafu ghafla, kwa tone moja tu,
nyekundu.

Mama Matika kasimama na mwiko mkononi.
Mwalimu, na hiyo sasa utainywa?

Nikainywa yote.
Ilikuwa na chumvichumvi.
Kesho, mafungu mengine kumi na mawili.