Woga wa Shilingi Elfu

Ubao uliandikwa kwa chaki: PAPA. DAMU. SAA MOJA USIKU.
Mama Kyaligonza, aliyesoma neno la kwanza tu,
alikuja na rozari, akidhani tutaoneshwa Roma.

Elfu moja mlangoni, mkononi mwa Onencan,
na ubavuni mwa kibanda dagaa wetu wa mchana
bado wananuka juu ya turubai.
Tukabanana kwenye mabenchi: Waaluri, Wagungu,
Wakongo waliovuka ziwa na vitenge vyao,
jenereta nje ikikohoa.

Wazungu watano juu ya boya la mpira.
Wazuri. Meno yote yapo.
Nusu saa nzima wanadaiana mapenzi,
nani alimbusu nani kabla meli haijazama.
Papa hayupo.
Bahari tu, buluu, buluu,
kisha pezi, pezi peke yake,
likipita kama pasi juu ya shati.

"Mleteni basi!" akapaza Ucircan kutoka nyuma,
ambaye mguu wa kushoto aliuachia mamba
pale Nile inapoingia ziwani, mwaka wa mafuriko,
na anayejua kwamba mambo haya hayaanzi na muziki.

Alipokuja, jamani,
alikuwa wa plastiki.
Taya zinafunguka kwa awamu
kama mlango wa duka wenye kutu.
Jicho moja hawakulipaka rangi.
Akammeza kijana mzima
na kofia ya kijana haikulowa.
Msafara wa mamba, kenge nao wamo;
huyu hata kenge wasingempa nafasi kwenye foleni.
Watoto wakacheka. Rozari ikarudi mkobani.
Mama Kyaligonza akaanza kumenya karanga.

Ndipo Jacan, mtafsiri wetu,
anayelipwa kwa soda na sigara mbili,
akaona biashara inazama.
Akasogeza kipaza sauti hadi kooni,
akamzima Mzungu aliyekuwa akilia kwa Kiingereza,
na papa akasema, kwa Kiswahili cha kambini:

"Simama hapo! Zima injini!
Leseni iko wapi?
Mtumbwi huu una futi ngapi?"

Karanga zikakoma.

Pezi likalizunguka boya, polepole, likipima.
"Ishirini na nane hazifiki. Shukeni.
We, lete petroli."

Sijui niueleze vipi ukimya ule.
Kwenye skrini binti alikuwa anatabasamu, jua limetoka,
na benchi letu lote limekunja miguu juu
kana kwamba sakafu ni maji.
Ucircan alikuwa anatazama mlango.
Mimi nilikuwa nahesabu futi za mtumbwi wa kaka yangu,
futi nilizokwisha kuzihesabu mara mia,
na bado zilikuwa ishirini na tano.

Iliishia ovyo: helikopta, busu,
papa kulipuka vipande vya sponji.
Tukamwendea Onencan aturudishie hela.
Filamu ya kutisha gani hii?
Alikuwa anapanga noti, hakuinua kichwa.
"Mlilipa muogope," akasema.
"Hamkuogopa?"

Njia ya ufukweni ndiyo fupi.
Tukapita ya juu, ya shuleni,
Mama Kyaligonza akitugawia karanga zilizobaki,
mbili mbili, gizani,
na hakuna aliyemtania kuhusu Roma.