Kifungo cha Pili

Mwalimu Eliawony alichora kaboni mbili ubaoni
kwa chaki iliyobaki ukucha,
akaziunga kwa mstari mmoja, kisha,
bila maelezo, akaongeza wa pili.
"Hawa wameshikana mikono yote.
Msidhani ndiyo nguvu. Mkono wa pili una njaa:
akipita mgeni, unaachia."

Ilikuwa Jumanne, Mlima umejifunika tangu alfajiri,
mvua ya Kibosho inapiga mabati,
na gesi ya maabara iliisha muhula uliopita.
Tukawasha taa mbili za spiriti chini ya chupa moja.
Hosiana alimimina asidi kali
kama aliyepakatishwa mtoto wa mtu.
Joto likapanda, mia na arobaini, mia na sabini,
asidi ikainyang'anya spiriti maji yake,
na kilichosalia kikatoka kwa mapovu:
hakina rangi, kina utamu wa mbali puani.

"Kioshe kwanza kwenye maji ya soda kali.
Kimeongozana na gesi ya kibiriti, nayo hufuta rangi vilevile.
Shahidi wa uongo
huvaa shati lilelile la shahidi wa kweli."

Maji ya bromini yalikuwa chai ya rangi iliyolala.
Povu la kwanza. La pili.
Tulipofika kumi na moja
neli ilikuwa nyeupe kama chemchemi ya Njoro,
tukawa tunaona vidole vyetu upande wa pili.
"Imekwenda wapi?" akauliza Hosiana.
Haikwenda. Imekaribishwa ndani.
Mkono wa pili umeachia,
kila kaboni imeshika mgeni wake,
na hakuna wa nyumbani aliyetolewa nje.

Kisha Mwalimu akaazima kiberiti cha gesi cha mlinzi,
akaibubujisha gesi yake katika neli nyingine
mpaka kiberiti kikakauka.
Chai ikabaki chai.
"Hizi zimeshiba," akasema. "Aliyeshiba hasikii hodi."
(Mlinzi hajalipwa kiberiti chake hadi leo.)

Jioni nilimkuta mama juu ya dari,
moshi wa jikoni umemzunguka hadi kiunoni,
anageuza mikungu ya ndizi za mbege.
Nikamwambia: tumejifunza vifungo viwili.
Akasimamisha mkono.
"Viwili? Nani tena kafungwa?"
Maana mjomba Anaeli bado ana miezi minne Karanga
kwa ajili ya mtungi, mrija na gongo.

Nikacheka, halafu sikucheka.
Nikamweleza ile gesi: imo katika moshi huu unaokutoa machozi,
imo katika ndizi yenyewe, ikianza kuiva huitoa,
na jirani yake akiinusa naye huanza.
Mama hakuinua macho.
"Sasa unadhani ile ya njano nimeiweka katikati kwa urembo?"

Nikakaa kwenye ngazi nikihesabu mzunguko.
Ndizi hizi Ijumaa zitachemshwa, zitapoa, zitakutana na ulezi,
zitachacha ziwe pombe.
Pombe, kwa mrija wa mjomba, huwa kali.
Ikali hiyo, kwa asidi ya Mwalimu, hupoteza maji,
na inayobaki ni gesi,
na gesi hurudi huku darini
kumwambia mkungu mbichi kwamba saa imefika.
Mjomba alikamatwa katikati ya duara.
Sisi, kwa kazi ileile ya chupa na mrija,
tulipewa alama nane juu ya kumi.

Mtihani utakuja kwa Kiingereza, na nitajibu.
Ila usiku ule jibu langu lilinuka moshi,
na mama, akishuka ngazi kinyumenyume, aliuliza:
"Na huyo mgeni, akishaingia, hatoki tena?
Kile kifungo cha pili hakirudi?"

Nikafungua daftari, nikapekua mpaka ukurasa mweupe.
Mwalimu hajafika huko.