Kiwavi wa Chizuru

Tsumagoi, mwezi Juni. Mlima Asama unafuka moshi kidogo
kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Chini yake ni kabichi, kabichi mpaka macho yachoke,
na wazazi wa wanafunzi wangu saba
wamebeba mabomba ya dawa mgongoni
wakimwinda huyuhuyu ambaye mimi nawaambia watoto wao,
"Mshikeni taratibu. Msimminye."

Kengo akauliza: "Mwalimu, tunafuga adui?"
Nikasema tunamtazama tu, kufuga ni neno jingine.
Sikuwa na hakika.

Kwanza yai. Tulilitafuta kifudifudi, chini ya jani,
punje ya njano iliyosimama wima,
ndogo kuliko nukta anayoiweka Manami mwisho wa sentensi,
na Manami ana mkono mzito.
Siku ya tano likatoboka.
Aliyetoka akaanza kwa kula nyumba yake,
ganda lote.
"Ana adabu," akasema Toshiya. "Hakuacha taka."

La Chizuru halikutoboka. Likasinyaa.
Kesho yake akaja na kiwavi mchanga ndani ya kiberiti,
kamtoa ukingoni mwa shamba la baba yake
ambako dawa haikufika.

Kisha ikawa kula. Kula mpaka ngozi ibane,
aivue, aigeukie, aendelee kula.
Mara nne alivua.
Rula zikasema milimita tatu, kumi, ishirini na nane.
Wenzake waliwapa wao majina ya wachezaji wa besiboli;
Chizuru aliandika kwenye mtungi: *Wa Kwangu*.

Jumatatu, sita walikuwa wamejifunga kwenye vijiti,
uzi mmoja kiunoni
kama fundi wa umeme juu ya nguzo,
pupa za kijani, kimya.
Wa Kwangu hakujifunga.
Alikaa juu ya jani, hai, haendi,
na ubavuni mwake walikuwa wakitoka wadudu wadogo, wengi,
kila mmoja akijisokotea kifukofuko cha njano.

Picha yangu ukutani ina vituo vinne na mishale minne.
Hakuna mshale wa jambo hili.
Nikachukua kitambaa nifunike mtungi.
"Usifunike," akasema.

Basi nikaeleza. Kuna nyigu, mdogo kama punje ya ufuta.
Alimchoma kule shambani, akamwachia mayai mwilini.
Siku zote hizi tulipompima,
alikuwa akila kwa niaba ya wengine.

"Kwa hiyo nyigu ni rafiki yetu?" Kengo, mtoto wa mkulima.
"Ni rafiki wa kabichi."
"Na Wa Kwangu?" akauliza Chizuru.
Kengele ikaniokoa,
na nikaona haya kuokolewa.

Wiki iliyofuata pupa zikaanza kupauka, kisha kupasuka.
Vipepeo wakatoka na mabawa yaliyokunjamana
kama barua iliyotupwa na kuokotwa tena,
wakaning'inia yakauke.
Watoto walishusha pumzi kwa uangalifu
kana kwamba wangeweza kuwapeperusha.

Nyigu nao wakatoka. Weusi. Ishirini na tisa;
Chizuru alihesabu mara mbili.
Akafungua dirisha la upande wa shamba la kwao,
akaupindua mtungi,
na kwa dirisha hilohilo
akapita kipepeo wa Toshiya, mweupe, akiyumbayumba
kwenda kutafuta kabichi ya kutagia.

Mwisho, kuchora. Sita walichora duara moja:
yai, kiwavi, pupa, kipepeo.
Chizuru alichora mawili yaliyogusana tumboni mwa kiwavi,
moja likizunguka kwa nyigu,
jingine likiwa na nafasi tupu
alipoandika kwa penseli, herufi ndogo:
*hapa angefika*.

Kwetu jibu sahihi huchorewa duara jekundu.
Nilikaa na kalamu mpaka giza likaingia darasani.
Kisha nikalichora, polepole, halikunyooka vizuri,
la tatu.