Unatembea Wapi?

Baba alikata akala Kariokor.
Mteja alisimama juu ya kipande cha tairi, baba akapitisha chaki
kuzunguka unyayo, polepole, kama anayechora mpaka wa shamba,
kisha akauliza: unatembea wapi?
Hakuuliza namba. Wapi.

Wateja wangu hawasimami juu ya chochote.
Mimi ndiye ninayeinama, huku nyuma ya uwanja wa mbio,
mguu wao umebanwa katikati ya magoti yangu,
na saisi Lemashon kashika hatamu
anamnong'oneza farasi habari za bei ya unga.

Kwanza nasikiliza. Mpitishe kwenye lami.
Ko, ko, ko, ko: huyo sawa.
Ko, ko, ko... ko: huyo ana neno.

Kisha nakwatua kwato.
Udongo mweusi wa Lang'ata ukikauka ni saruji.
Uchokoe kutoka kisigino kwenda mbele, usirudi kinyume,
utamchoma pale palipo laini, penye umbo la ncha ya mkuki.
Halafu nusa. Ndiyo, nusa.
Ukwato mzima hunuka nyasi na vumbi;
unaooza hunuka soksi za bweni.

Kisha tupa.
Sisemi utupe kitu, nasema tupa, ile ya meno,
maana ukwato ni ukucha, na ukucha haujui likizo.
Wiki sita, saba kiangazi kikikaza.
Wenye farasi huniambia, kiatu bado kizima.
Kizima, naam. Mguu ndio umekihama.

Alumini ni ya wa mbio: nyepesi, huisha upesi kama mshahara.
Chuma ni cha askari anayekanyaga lami toka asubuhi.
Na kiwe chuma, iwe alumini, kipashe moto, kigonge, kipanue,
kifuate ukwato.
Fundi mvivu huchonga mguu utoshe kiatu,
na farasi hana mdomo wa kusema kinabana.

Misumari, sita yatosha.
Ipite ukingoni, itokeze nje, uikunje ncha.
Nyundo itakwambia: msumari ukishika pagumu, sauti hupanda;
sauti ikilegea, simama, umeingia nyamani.

Mwaka wangu wa kwanza sikusimama.
Sauti ililegea, nikajiambia ni nyundo.
Farasi alitikisa sikio moja tu.
Nikakunja ncha, nikapokea pesa, nikaenda zangu.
Siku ya tatu Lemashon akanipigia simu.
Hakunilaumu. Alisema:
"Nzilani, njoo uchukue msumari wako."

Leo ni Zafarani.
Bi Hansa anataka viatu vipya, ving'ae, kuna picha Jumapili.
Nimeushika mguu robo saa, nimeugeuza, nimeubonyeza.
Ukuta mnene. Kisigino kipana. Unyayo mkavu kama sahani.
Unatembea wapi, Zafarani?
Nyasini, kutoka mti hadi mti,
na mtoto mmoja mgongoni asiyezidi gunia la viazi.
Nimeng'oa vya zamani, nimezungusha ukingo kwa tupa,
nimerudisha nyundo mfukoni.

"Na viatu?"
"Ndivyo hivyo. Kazaliwa navyo."
"Kwa hiyo nikulipe kwa kutofanya kitu?"
"Nusu," nikasema.
Akanihesabia nusu, noti moja moja,
akiitazama mikono yangu kama imemwibia.

Lemashon akamwachia kamba.
Hatua ya kwanza akaiweka chini kwa mashaka,
ya pili akaisikiliza mwenyewe,
kisha hapakuwa na ko.
Palikuwa na fu, fu, fu,
kama mtu aliyevua viatu mlangoni, kaingia kwao.

Nami nikakaa juu ya sanduku la vyuma
kuifungua kamba ya buti la kushoto.
Linabana kidole cha mwisho tangu Januari.
Nililinunua Gikomba, jioni, kwa macho.
Baba angecheka mpaka chaki imdondoke.